WAZAZI WAKIGOMBANA, MTOTO HUSIKIA NINI?



Somo letu la mwezi huu ni la watu wazima, ingawa lawahusu watoto tangu mwanzo hadi mwisho. Twaomba lisomwe na baba na mama pamoja, wakiweza. Akisoma mmoja peke yake atavutwa kutafuta humo makosa ya mwenzake, na hapo gazeti la mtaa litakuwa limeongeza ugomvi badala ya kuupunguza.

Hatusemi kwamba nyumba ya Mkristo haina ugomvi. Watu wawili waliolelewa mbali mbali, wakikaa katika nyumba moja yenye fedha kidogo, wageni wengi na kazi zisizokwisha, hawakosi kutofautiana. Watatofautiana juu ya ada na sare za shule, juu ya ndugu wa mume aliyekuja kukaa wiki moja na sasa ana mwaka, juu ya mahindi yaliyouzwa bila shauri. Hayo ni maisha. Tunalotaka kulitazama ni jambo jingine: yule mdogo aliyeketi pembeni, akijifanya anachezea gari lake la kopo, anasikia nini, naye afanya nini na hayo aliyoyasikia?

Twaijua mithali ya tembo wawili wapiganao na nyasi ziumiazo. Haikosi kutajwa kila mazungumzo ya ndoa yafanyikapo. Ni mithali nzuri, lakini kwa habari ya watoto yatudanganya kidogo. Nyasi haziulizi ni tembo yupi aliyeanza. Wala hazilali macho usiku zikiwaza kwamba labda ni zenyewe zilizowagombanisha tembo. Mtoto huwaza hayo.

Wazazi wengi husema, "Huyu bado mdogo, haelewi." Ni kweli kwamba mtoto mchanga haelewi maneno, lakini kutoelewa maneno si sawa na kutosikia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, wakiongozwa na Alice Graham, walitoa habari za watoto wachanga 20, wa umri wa miezi 6 hadi 12, waliowekwa katika mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwa katika usingizi wao wa kawaida. Walisikilizishwa sauti ya mtu mzima akitamka sentensi zisizo na maana yo yote, mara kwa furaha, mara kwa utulivu, mara kwa hasira. Watoto hawakuamka, lakini ubongo wao uliitikia. Na wale ambao mama zao walikuwa wameeleza kuwa nyumbani kuna ugomvi mwingi, ubongo wao uliitikia sauti ya hasira kali kwa nguvu zaidi, katika sehemu zinazohusika na mshtuko na namna ya kuutuliza. Watoto 20 ni wachache, na jambo hili halijamalizwa na picha hizo. Hata hivyo zatosha kutunyima ile faraja ya kusema, "Acha tu, amelala."

Mtoto akifika miaka minne au mitano, jambo huwa zito kwa namna nyingine. Katika umri huo hujiona kuwa yeye ndiye kiini cha kila linalotokea. Mwezi humfuata yeye anapotembea, na mvua humnyeshea yeye. Walimu wa chekechea walijua hili zamani, kabla hawajalisoma vitabuni. Basi ikiwa asubuhi alivunja chupa ya chai, na jioni baba na mama wakafokeana juu ya fedha, yeye huyaunganisha mawili hayo: wanagombana kwa sababu ya chupa, baba ametoka na kubamiza mlango kwa sababu yangu. Huubeba mzigo huo kimya, wala hakuna atakayemtua kwa maana hakuna ajuaye kuwa anao. Yatosha mzazi mmoja kumketisha na kumwambia, "Mimi na baba yako tumekasirikiana kwa habari ya fedha. Wewe hukukosa lo lote." Ni maneno ya nusu dakika. Katika nyumba nyingi hayajapata kusemwa hata mara moja.

Sisi tuliokaa miaka mingi katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwapeleka wanachuo mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Walirudi na daftari zao zimejaa habari za watoto wakorofi: huyu apiga wenzake, yule halipi jibu akiulizwa, mwingine alikuwa wa tatu darasani na sasa ni wa arobaini. Tuliwazoeza kutokuandika neno "mkorofi" kabla ya kuuliza habari za nyumbani, nao mara nyingi walikuta kwamba muhula ule alama zilipoanguka ndio muhula ambao nyumbani palianza kuwaka moto. Hesabu hudai akili iliyotulia. Mtoto ambaye nusu ya akili yake imebaki nyumbani ikilinda mama asipigwe, hubaki na nusu nyingine tu ya kugawanya kwa desimali.

Lakini mkorofi siye wa kutisha kuliko wote. Huyo aonekana, na anayeonekana aweza kusaidiwa. Yuko mwingine, aghalabu binti wa kwanza, ambaye hatoi sauti. Anaijua hatua ya baba yake ikiwa bado nje ya uzio, naye kwa hatua hiyo hujua usiku huu utakuwaje. Huwahi kuwalaza wadogo zake. Huficha kile kitu kilichomwudhi baba jana. Mama akinuna, yeye hutafuta la kumchekesha. Wageni humsifu: "Binti huyu ana busara kama mtu mzima." Ndivyo alivyo, kwa kuwa nyumba ile inahitaji mtu mzima na yeye ameichukua kazi hiyo akiwa na miaka kumi. Walimu hawamleti ofisini, wala Shule ya Jumapili haina habari naye isipokuwa kwamba anajua kusoma vizuri. Twawaomba walimu wetu wa Shule ya Jumapili wamtazame mtoto wa namna hii kwa macho mawili.

Tuseme sasa juu ya ugomvi usio na kelele. Kuna wazazi wajivunao, "Sisi hatujapata kugombana mbele ya watoto." Ukiulizia utaambiwa kwamba bwana na bibi hawajasemezana tangu Jumanne. Chakula chaandaliwa, baba ala peke yake, mama yuko jikoni. Na katikati yao apita mtoto: "Kamwambie baba yako maji ya kuoga tayari." "Kamwulize mama yako ufunguo ameuweka wapi." Mtoto aenda, arudi, aenda tena. Huona nyuso zote mbili. Upesi hujifunza kulainisha ujumbe njiani: lile neno kali aliloambiwa alipeleke, hulipeleka likiwa limepunguzwa. Au hujifunza kinyume chake, kwamba tarishi ana nguvu, na kwamba akiongeza chumvi kidogo huku atapewa shilingi kule. Mark Cummings, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza jambo hili tangu miaka ya 1980, alipowaonyesha watoto picha za watu wazima waliokasirikiana, aliona kwamba kununiana kimya kimya huwasumbua watoto kama kunavyowasumbua kufokeana. Kwa hiyo kunyamaza siyo amani. Mtoto hasikii maneno, lakini hewa ya nyumbani aivuta.

Juu ya kumtumia mtoto, Maandiko yametuwekea habari ndefu kuliko yo yote tuwezayo kuitunga. Tunaomba msomaji afungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 25 mstari wa 28, kisha asome sura yote ya 27. Isaka alimpenda Esau. Rebeka alimpenda Yakobo. Hatuambiwi kwamba walifokeana. Pengine nyumba ile ilikuwa na utulivu mkubwa. Lakini kila mmoja alikuwa amejichagulia mtoto wa upande wake. Rebeka aliposikia kwamba mumewe ataka kumbariki Esau, hakuingia hemani kuzungumza na mumewe. Alimwita Yakobo akamtuma kumdanganya baba yake kipofu. Angalieni jinsi Yakobo alivyoogopa asije akalaaniwa, na jinsi mama alivyojitwika laana hiyo juu yake mwenyewe ili mtoto aendelee na kazi. Ndivyo tufanyavyo hata leo: "Usiogope, akiuliza sema mimi ndiye niliyekutuma." Na mambo yalipoharibika, na Esau akiapa kumwua nduguye, hata hapo Rebeka hakumwambia mumewe habari yenyewe, alimwambia tu kwamba amechoshwa na binti za Hethi, akapata ruhusa ya kumsafirisha Yakobo. Alidhani ni kwa siku chache. Yakobo alikaa kwa Labani miaka 20. Aliporudi kwa baba yake huko Mamre, katika sura ya 35, mama yake hatajwi, wala Kitabu hakituelezi kwamba wawili hao waliwahi kuonana tena. Kisha huyo Yakobo aliyelelewa katika nyumba ya mapendeleo, alipopata watoto wake, akampenda Yusufu kuliko wengine wote, na twajua yaliyompata Yusufu. Mtoto aliyechaguliwa na mzazi mmoja ili awe upande wake huonekana amependelewa. Kwa kweli amekopwa, na deni hulipwa na mtoto.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tumeliandika somo hili.

Nyumbani mwetu twagombana sebuleni na kupatana chumbani. Ugomvi huonwa na wote, hata na jirani aliyekuja kuazima kinu. Mapatano hufanyika usiku mlango ukiwa umefungwa, na kesho yake baba na mama wanywa chai kana kwamba hapakutokea neno. Wao wamekwisha. Mtoto hakumaliza. Yeye aliona mwanzo wa habari, mwisho wake hakuuona, na kwa kuwa hakuuona hujitungia mwenyewe, na mwisho autungao huwa mbaya: wataachana, atatupeleka kwa shangazi, mama ataondoka nikiwa shuleni. Twamkuta darasani akitazama dirishani saa nne asubuhi, naye hatazami kitu.

Yule Cummings tuliyemtaja na wenzake waliwaonyesha watoto ugomvi wa namna mbili. Mmoja ulikwisha kwa mapatano, mwingine uliachwa hivyo hivyo. Watoto waliouona mwisho mwema walipungukiwa sana na hasira na huzuni, ingawa maneno ya mwanzo yalikuwa makali vile vile. Na jambo la kututia moyo ni hili: hata pale mapatano yalipofanyika mlango ukiwa umefungwa, watoto walipoelezwa baadaye kwamba yamefanyika, walipata nafuu. Basi shida kubwa ya mtoto haiko katika kutofautiana kwetu. Shida ni ugomvi usiokuwa na mwisho unaoonekana.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mlipogombana mbele ya mtoto, patanani mbele yake. Kama mmepatana usiku, asubuhi mwambieni, tena kwa maneno ya kawaida, pasipo hotuba: "Jana tulisema kwa ukali. Tumezungumza. Tumekubaliana ada italipwa kwanza na mabati yatangoja. Nimemwomba mama yako radhi." Yatosha. Mtoto hahitaji kujua habari zote, na ziko habari za watu wazima ambazo haifai kabisa ajue. Anahitaji kujua kwamba imekwisha. Na kama bado haijakwisha, msimdanganye, maana mtoto hulijua tabasamu la bandia upesi kuliko sisi. Mwambieni, "Bado hatujakubaliana, twaendelea kuzungumza, na wewe tunakulea sote wawili."

Tunajua wako wazee watakaotuuliza: je, baba wa nyumba kumwomba mkewe radhi mbele ya watoto si kujishusha? Tumelisikia swali hili mara nyingi, hata kwa watu wenye vyeo kanisani. Sisi hatukubaliani nao. Kijana wa kiume ambaye hajapata kumwona baba yake akisema "nimekosa" atajifunzia wapi neno hilo? Hatujui shule inayolifundisha. Ataoa, atakosa kama wanadamu wote, na hatakuwa na neno la kusema, bali mkono tu.

Na hapo hatuna budi kutenga jambo moja na mengine yote. Tuliyoyasema juu ya mapatano yahusu watu wawili wanaotofautiana. Hayahusu nyumba yenye kipigo. Utafiti wa Demografia na Afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Tukihesabu waketio katika viti vyetu siku ya Jumapili, hatuwezi kusema kwamba jambo hili liko kwa wengine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema waziwazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mtoto aonaye mama yake akipigwa ameumizwa naye, hata kama hakuguswa, na kumwona baba akileta kitenge kesho yake hakumponyi. Hapo kazi ya kwanza ni usalama. Tafadhali tusimwambie mama huyo avumilie kwa ajili ya watoto. Watoto ndio wanaoumia kwa uvumilivu huo. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na iko simu ya bure ya kuwasaidia watoto, namba 116, ambayo hata mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

"Kwa ajili ya watoto" ni neno litumiwalo pia na waliochokana wasiotaka kutengana. Wakikaa na kutengeneza, ni vizuri, na Kanisa liko tayari kuwasaidia. Lakini kukaa tu hakutoshi. Daktari Michael Rutter wa Uingereza, aliyechunguza watoto wa London na wa kisiwa cha Wight katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1971 kwamba watoto waliofiwa na mzazi hawakuharibika tabia kama wale ambao wazazi wao walitengana kwa ugomvi. Na waliokaa na wazazi wote wawili katika nyumba ya ugomvi wa kila siku nao waliharibika. Kilichowaumiza zaidi ni ugomvi wenyewe, kuliko kutengana. Na wale waliokwisha kutengana waelewe kwamba vita vyaweza kuendelea kati ya nyumba mbili, mtoto akiwa ndiye njia ya kupitishia risasi: "Mwulize baba yako fedha za daftari ziko wapi." "Huyo mwanamume wa mama yako alikuja lini?" Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kama alivyokuwa akipata kabla, na haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, ilimradi masomo yasiharibike. Ziara hiyo ni haki ya mtoto. Haikutolewa ili mzazi mmoja apate habari za mwenzake.

Neno kwa wengine. Babu na bibi, mjukuu akija kwenu likizo msimgeuze shahidi. Msimhoji nani alianza. Wasimamizi wa ubatizo, mliahidi jambo mbele ya jiwe la ubatizo, na mtoto huyu aweza kuhitaji nyumba ya kufanyia kazi za shule kwa jioni mbili tatu. Umoja wa Akina Mama ulianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876 ili mama wasaidiane katika malezi, na tungefurahi somo hili likisomwa katika mkutano wao. Tungefurahi zaidi likisomwa na akina baba, ambao mikutano yao, kwa tunavyoona, huzungumza zaidi juu ya paa la kanisa.

Maswali ya kuzungumza, nyumbani au katika vikundi:

Katika Mwanzo 27, ni mahali gani Isaka na Rebeka wangeweza kuketi na kuzungumza, na ni nini kilichowazuia?

Mara ya mwisho mlipogombana, watoto walikuwa wapi? Wakiulizwa leo, wangesema jambo lile lilikwishaje?

Ni ujumbe gani wiki hii umempa mtoto ampelekee mwenzako, ambao ungeweza kuupeleka mwenyewe?

Na hili ni la walimu wa Shule ya Jumapili peke yao: katika darasa lako, ni mtoto gani aliye mtulivu kupita kiasi?